Unaondoka na Nyumba Yenyewe

Wambui wangu,

Watoto wa wenzangu huondoka nyumbani na sanduku. Wewe unaondoka na nyumba yenyewe. Kesho asubuhi utawasha injini, utafungua kamba za boti yetu, na jiko langu, kitanda changu, na hilo dirisha la duara ninalolifuta kila Jumamosi, vyote vitaelekea Worcester kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mimi nitabaki Selly Oak, kwenye fleti iliyo juu ya duka la kuku wa kukaanga, na wanafunzi wakipiga muziki ukutani. Sijui mama mwingine kanisani kwetu aliyewahi kuachwa namna hii. Nimekaa hapa mezani nikacheka peke yangu.

Umetoka kwenda kuaga rafiki zako, nami niliachiwa kazi ya kupakia masufuria. Nimeyaacha kwanza. Jua bado liko juu ya miti ya upande wa Edgbaston, maji yametulia, na nataka kukujibu kabla hujarudi. Jumapili, tukiosha vyombo na kuongea habari za ngazi za maji utakazoshuka mferejini, uliniambia, "Mum, usikuje kwa maloki. Please. Nataka kufanya hii kitu alone." Nami nikakuambia sahani hiyo bado ina mafuta. Tangu siku ile tumezungumza habari za gesi, za mvua, za sanduku la vyombo lipi liende wapi, na ombi lako limekaa katikati yetu kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha chai.

Sitakuambia habari za grisi ya shafti, wala kusafisha bomba la moshi, wala kuchungulia maji chini ya injini kila asubuhi. Hayo unayajua kunishinda, na nikianza utaruka ukurasa. Acha nikuambie yale mengine, ambayo mimi niliyajua kwa kukosea kwanza.

Nilipoinunua boti hii baba yako alikuwa ameshajirudia Kenya na maisha yake, nami nilikuwa nimechoka kuhama chumba hadi chumba katika nyumba za kupanga, tukigombania rafu ya friji na watu tusiojuana majina. Mimi ni mtoto wa Ol Kalou. Maji niliyoyajua ni ya kisima na ya mvua, na kuogelea sijui hadi leo. Lakini niliona nyumba yenye mlango wangu na ufunguo wangu, nikapiga moyo konde. Ubavuni ilikuwa imeandikwa Doreen kwa rangi nyekundu, na watu wa mfereji wakatuambia kubadili jina la boti ni kujitafutia mkosi. Basi tukaishi na Doreen.

Kosa langu lilikuwa aibu. Nilimficha cucu yako, mama yangu, habari za boti. Kila nilipotaka kutuma picha nyumbani nilikuvalisha lile koti la buluu, nikakupeleka Edgbaston kwenye barabara za miti mikubwa, tukasimama mbele ya lango la watu tusiowajua na kutabasamu. Sikusema ni kwetu. Sikusema si kwetu. Ol Kalou wakaelewa walivyopenda kuelewa, na nikasikia picha moja imetundikwa sebuleni, kila mgeni anaonyeshwa nyumba yangu, nyumba ya Wanjiku wa Ulaya. Nikawa mtu wa kuogopa simu za video. Nilikuwa nazipokea nimeegemea ukuta mweupe wa hospitali, nimevaa sare, najifanya nina haraka.

Halafu siku moja, nikisonga ugali, wewe ukaichukua simu. Nikamsikia cucu akiuliza kwa ile sauti yake isiyohitaji simu kuvuka bahari, "Na huyo bata anafanya nini dirishani?" Ukamjibu kwa furaha zako zote, "Cucu, huyo ni neighbour. Sisi tunaishi kwa maji!"

Nilishika mwiko nikangoja kuaibika. Cucu alicheka hadi akatafuta kiti. Akataka kuonyeshwa jiko, kitanda, choo, injini, na yule bata tena. Alitaka kujua tunalalaje bila kuanguka. Tangu siku hiyo hakuna simu inayokwisha bila "msalimie Doreen", na wageni wake sasa huambiwa kwamba ile nyumba ya pichani ni ya jirani wa Wanjiku, mtu tajiri lakini asiye na boti. Nilipoteza miaka nikificha kitu ambacho mama yangu angekipenda siku ya kwanza. Wewe hukuwahi kuwa na aibu hiyo, na sijui uliitoa wapi nguvu hiyo, kwa sababu kwangu hukuipata. Kaa nayo tu.

Kisha kuna ile loki. Najua unaisimulia kwa rafiki zako kama kichekesho, na unaigiza sauti yangu. Nimekusikia. Sasa isikie kutoka kwangu mimi niliyekuwa juu ukutani.

Kutoka mjini hadi Tardebigge maji ni tambarare. Unapita chuo kikuu, unapita Selly Oak, unapita lile handaki refu la giza, na ukitoka upande wa pili unadhani umeshakuwa baharia. Kumbe mfereji unakungoja kilimani. Pale hushuki kwa mteremko, unashuka kwa ngazi, loki baada ya loki, kila moja chumba chembamba cha matofali chenye malango mbele na nyuma. Unaingia kikiwa kimejaa, unafunga nyuma yako, unafungua vilango vidogo vya chini maji yatoke, na boti inashuka nayo polepole hadi kuta zinakupita kichwa. Ile ya juu kabisa ina kina cha kutisha. Na sisi, wageni wa kila kitu, tulianza na hiyo.

Wewe ulikuwa nyuma, umeshika usukani, ndiyo kwanza umeingia sekondari. Mimi nilikuwa juu ukutani, na Pauline jirani yetu alikuwa ametangulia kutuandalia loki ya pili. Hapo mtoto wa Ol Kalou akajitokeza. Kwetu mnyama humwachi na kamba inaning'inia. Unamfunga kwenye kigingi, unakaza, unajaribu kwa mguu. Nikaichukua kamba ya mbele ya Doreen, nikaifunga kwenye nguzo ya chuma ya ukingoni kwa fundo nililofundishwa na baba yangu, fundo ambalo ng'ombe akivuta ndipo linapozidi kukaza. Nikalipiga kwa mguu. Nikajisifu. Nikafungua maji.

Boti ikaanza kushuka, lakini pua ikakataa. Nyuma ulikokuwa wewe kunazama pamoja na maji, mbele kumening'inia kwa kamba, na ndani nikasikia sufuria zote zikiteremka kwa mpigo, na thermos nyuma yake. Nikalirukia fundo. Kucha zikavunjika. Nikalivuta, nikalisema, nikaliombea. Wewe ulikuwa unapiga kelele huko chini, "Mum! The water! Mum, funga maji!" Nami nikakujibu, nakumbuka vizuri, "Ngoja, naifungua!" Ukaita tena. Halafu ukaita "Mama!" Hujawahi kuniita hivyo kabla wala baadaye. Nikainua uso.

Nikakimbia nikafunga vilango, maji yakaacha kutoka. Nikakimbia upande wa juu nikayafungulia maji mapya yaingie, na Doreen akapanda taratibu hadi akakaa sawa, na kamba ikalegea yenyewe bila mtu kuigusa. Pauline akafika anahema. Unamjua Pauline, ameendesha mabasi maisha yake yote, mzaliwa wa Shard End, anamwita kila mtu bab, yaani mpenzi, hata daktari wake. Akalitazama fundo. "Nani amefunga hii, bab?" Ukamwonyesha mimi, bila huruma.

Kwenye loki kamba inashikwa mkononi, inaachiliwa kadiri boti inavyoshuka, haifungwi. Hilo unalijua. Lakini nililolichukua mimi siku ile ni jingine. Nilikuwa napigana na kamba, na tatizo lilikuwa maji. Nimelikumbuka hilo wodini mara nyingi, mashine inalia na kila mtu anahangaika na mashine, na mgonjwa ndiye anayehitaji kugeuzwa ubavu. Na nililikumbuka nikiwa nimechelewa kuhusu baba yako. Tuligombania simu, tukagombania saa ya kurudi, tukagombania nani hakununua maziwa, na wakati wote huo kulikuwa na kitu kikubwa kinatoka taratibu na hakuna aliyekwenda kukifunga. Sikulaumu kwa kumpenda baba yako. Nakuambia tu nilichokiona.

Kosa lenye uchungu zaidi si la majini. Ni la mwaka juzi, tulipomtoa Doreen nje ya maji tumpake lami tumboni kutu isimle. Kila mtu anayeishi kwenye boti anaichukia kazi ile. Umelala chali chini ya chuma baridi, lami inakudondokea kwenye nyusi, mgongo unakusema. Wewe uliipenda. Ulikuwa unatembea na ile nyundo ndogo, unagonga tumbo la boti, unasikiliza, unasogea, unagonga tena. Ukasimama mahali pamoja karibu na propela, ukamwita fundi, ukamwambia hapa chuma kimekuwa chembamba. Akapima, akapima tena, akaenda kuleta mashine ya kuchomelea. Ukamwomba barakoa ya pili ili utazame.

Jioni ukanijia na uso mweusi wote, meno tu. "Mum, hii ndio kazi nataka. Boats. I'm serious."

Mimi nilikuwa nimeshawatangazia kanisani kwamba utasomea udaktari. Hukuwa umeniambia hivyo. Niliona tu alama zako nikatangaza. Basi nikakuambia, "Sikuvuka bahari ili mtoto wangu apake lami." Ukanitazama. Hukubisha, ningefurahi kama ungebisha. Ulichovya brashi ukaendelea, ukamaliza upande wako, ukaingia na upande wangu.

Maneno yale yananiuma hadi leo, Wambui. Sijui kuomba msamaha vizuri, kwetu wazazi hupika. Zile chapati za wiki nzima iliyofuata ndizo zilikuwa msamaha wangu, na ulizila kama mtu asiyejua anakula nini. Leo nasema kwa mdomo: nisamehe. Mimi mwenyewe nilikuja nchi hii na cheti changu cha uuguzi, na miaka ya kwanza nilifanya kazi ya kuosha wazee na kubadilisha mashuka. Cucu yako alijua. Hakuniambia hata mara moja kwamba hakunisomesha ili nioshe wazee. Aliniuliza kama wazee hao wana watoto, na kama wanakuja kuwaona.

Sasa karakana ya boti ya Worcester imekuchukua, na haikukuchukua kwa huruma. Walikupa mabati mawili na mashine, wakakuambia unganisha tuone. Uliporudi ulikuwa na shimo jipya kwenye shati na ulikuwa unaimba. Nilijua siku ile kwamba mjadala umekwisha, na kwamba nimeshindwa vizuri.

Sasa ombi lako.

Unajua kwetu mtu haondoki hivi hivi. Anasindikizwa. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi unamfikisha njiani, mnasimama, mnaanza mazungumzo mapya. Mimi nilipokuja huku nilisindikizwa na ukoo mzima hadi uwanja wa ndege. Walikodi gari. Shangazi zangu walikuja na nyimbo, mjomba na gunia dogo la viazi aliloamini rubani atalikubali, na mchungaji na maombi yasiyokuwa na mwisho. Nikajikuta namtafutia cucu mahali pa kukaa. Nikaenda kuwanunulia chai. Mtoto mmoja akapotea, tukamtafuta, tukamkuta amelala juu ya mizigo ya Wahindi. Nikamwelewesha mjomba habari za viazi. Mama akaniangukia shingoni mbele ya ule mlango wa kioo, nikambembeleza, nikamfuta machozi kwa kitambaa changu, nikamwambia itakuwa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa nasafiri. Nilikuwa mwenyeji wa kuondoka kwangu mwenyewe.

Niliingia ndegeni nikikimbia, wa mwisho. Tulipokuwa angani ndipo nilipogundua kwamba sikupata hata nafasi ya kuogopa. Woga wangu wote ukanikuta Heathrow, mbele ya afisa wa uhamiaji, kijana mpole, aliyeniuliza nimekuja kufanya nini akashangaa kuona nalia. Nawapenda watu wale. Kila mmoja alikuja kwa mapenzi. Lakini siku ile ilikuwa yangu, na niliitumia kuwahudumia wao.

Na mimi, unajua nilikuwa nimepanga nini? Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Nilikuwa nimenunua buti za kutembelea ukingoni mwa mfereji. Uliponikataza Jumapili niliudhika, nikaenda kwa Pauline, na Pauline akaniambia ana gari, atanipeleka hadi daraja la pale kilimani, tukae nyuma ya kichaka tukutazame kimya kimya. Wanawake wawili wazima, kichakani, na flaski ya chai. Usimchukie. Tulikuwa tumeshapanga hadi sandwichi.

Leo mchana, nikifunga vikombe kwa magazeti, ndipo nilipoiona picha yenyewe. Wewe umo chini kwenye shimo lile, maji yanatoka, na unatakiwa macho yako yote yawe nyuma, boti isije ikakalia kile kizingiti cha lango ikapinduka. Nami niko juu. Kama ungejua niko pale, ungeinua uso. Ungetazama kama mama anateleza, kama mama amevaa sweta, kama mama analia. Ungeniuliza kama nimekula. Nakujua, ungeniuliza. Na usingekuwa na mikono wala macho ya kutosha. Hukuniambia nisije kwa sababu umeniona mzigo. Uliniambia kwa sababu unanipenda, na unajua utanitazama.

Kwa hiyo siji. Wala kichakani. Buti nimezirudisha dukani jioni hii, na sista wa wodi nimemwambia ruhusa sihitaji, anipangie zamu ya asubuhi. Sina wasiwasi nawe. Upweke ninao, nisikudanganye, tayari umeshanikaa kifuani na bado hujaondoka. Lakini huo ni wangu, nitaushughulikia kwa wakati wangu, na mwanamke aliyejifunza kuishi majini hatashindwa na fleti ya Selly Oak.

Kuna jambo moja nalo nitalisema halafu nikaoshe uso kabla hujaingia. Njia yako ya kesho inapita kazini kwangu. Ukishapita handaki la Edgbaston, reli ikiwa pembeni yako na chuo kikuu kushoto, utaiona hospitali upande wa kulia, juu, vioo vyote. Wakati huo nitakuwa ndani nimeinama juu ya mtu, namwosha uso au namlisha uji. Nitajua ni wewe. Injini ya Doreen naijua hata nikiwa usingizini, na hata nisipoisikia nitajua tu, kwa saa. Dirisha liko hatua chache kutoka kitanda cha mwisho. Sitakwenda dirishani.

Usipunguze mwendo, mwanangu. Usipunge mkono, usipige honi. Pita tu.

Mama yako,
Wanjiku